Apolonia na Bomba Lililogeuka Bluu

Apolonia ana macho mekundu, na kila mtu Zagayu anajua sababu. Miaka kumi na tisa amewapikia watoto wa shule uji na makande kwenye mafiga matatu, ndani ya kibanda cha mabati ambacho mlango wake ndio dirisha na dirisha lake ndio bomba la moshi. Kuni zikikosekana anapikia mabua ya pamba, mabua yakikosekana anapikia mavi makavu ya ng'ombe, na vyote vitatu vina tabia moja: kabla havijaivisha maharage vinakuwa vimeshamwivisha mpishi. Hiyo ndiyo sababu, lakini haina utamu wowote. Kwa hiyo watu wakatafuta nyingine.

Hiyo nyingine husemwa kwa sauti ya chini, kisimani: kwamba mama wa umri ule mwenye macho ya rangi ile ana kazi ya pili, ya usiku. Mvua ya mawe ilipopiga pamba ya mashariki ikaruka ya magharibi, ikakumbukwa kuwa Apolonia analima magharibi. Ana nusu eka huko, pamoja na kaya nyingine sitini, ila hizo sitini hazikuwa na macho mekundu. Anaimba kwaya ya kigango kila Jumapili. Wakasema anaimba sana kwa mtu asiye na la kuficha. Siku asipoimba, wakasema mnaona?

"Ningekuwa na uwezo wa kuamrisha mawe yashuke kutoka mbinguni," alimwambia siku moja Shida, mpishi mwenzake, "ungenikuta hapa nachambua maharage yenye wadudu?"

Shida alicheka sana. Jioni akalirudia kisimani, akianza na "mwenyewe amesema ana uwezo".

Wacheke wasicheke, Apolonia alijua mpaka uko wapi. Maneno ya kisimani ni maneno. Ila siku jina lile la watu wa kazi ya usiku likitamkwa kikaoni, mbele ya mwenyekiti, likaandikwa kwenye muhtasari, linakuwa kitu kingine. Kwa akina mama wa umri wake, katika nchi hii ya pamba na ng'ombe, jina hilo limeshawafikisha wengi makaburini. Hapo hakuna utani.

Basi ndipo likaja jiko.

Lilifika Ijumaa kwenye tela la trekta, limeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Jiko banifu, kazi ya Limbu, fundi wa kuchomelea wa mjini Bariadi: pipa nene, sufuria ndani yake linalomeza lita mia mbili, na bomba la moshi linalopanda hadi juu ya paa, vyote vya stenlesi, vinang'aa hadi kuku wakawa wanapigana na kuku waliowaona humo ndani. Mwalimu mkuu, Januarius, alijitazama kwenye bomba, akanyoosha tai, na kuanzia siku hiyo akawa anakagua jikoni mara nne kwa siku, yeye ambaye darasa la tatu B walikuwa wanamfahamu kwa picha.

Apolonia alizunguka jiko lile mara mbili. Akachungulia tundu la kuni, akachungulia bomba. "Moshi unapita huku, unatokea kule?"

"Unatokea kule, mayu," alisema dereva wa trekta, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Haupiti kwangu kwanza?"

"Haupiti."

Akakaa chini.

Lakini jiko lilikuwa na mgeni rasmi. Mtu mkubwa kutoka wilayani angekuja Ijumaa inayofuata kulizindua, na mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee Ndaki, mtu mwenye ng'ombe wengi na maoni mengi kuliko ng'ombe, akatoa amri. "Hili jiko lisiwashwe mpaka mgeni aliwashe mwenyewe. Mgeni halishwi kiporo."

"Na watoto watakula nini, namhala?" aliuliza Apolonia. Namhala ni heshima ya mzee wa Kisukuma, na Ndaki alikuwa haitiki akiitwa kitu kingine.

"Si una mafiga yako?"

Kwa hiyo jiko la kumaliza moshi likafunikwa shuka la maua la mke wa mwalimu mkuu, likakaa kama bibi harusi, na pembeni yake, hatua tatu, Apolonia akaendelea kuvuta moshi kwa ajili ya shule nzima.

Jumatatu mvua ikanyesha tangu alfajiri. Paa la kibanda likavuja juu ya mafiga, kuni zikalowa, moto ukafa mara tatu. Saa nne watoto mia sita walikuwa wanatazama upande wa jikoni kwa macho ambayo mama yeyote anayafahamu. Apolonia akalitazama shuka la maua. Akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya gunia la mahindi, akatia kuni mbili kavu kwenye tundu.

Makande yaliiva mapema hadi akayashuku. Moshi ukapanda bombani ukaenda zake huko juu kusalimia mawingu. Apolonia akajishika mashavu: makavu. Mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepika bila kulia, akajisikia kama mtu aliyetoka nyumbani akasahau kitu.

Shida ndiye aliyeona bomba.

"Mayu. Umelifanya nini?"

Bomba lilikuwa limegeuka. Pale lilipotokea kwenye jiko lilikuwa bluu nzito. Juu kidogo zambarau, kama ganda la bilinganya, halafu kahawia, halafu rangi ya majani makavu, na huko juu ya paa stenlesi ilibaki nyeupe kama ilivyoletwa. Lilikuwa zuri, kusema kweli. Na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

"Nimepika makande," alisema Apolonia.

"Na nini kingine?" aliuliza Shida, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshachukua ndoo kwenda kisimani, siku ya mvua, wakati mapipa yote yanafurika.

Kamati ilikaa Jumanne. Hoja zilikuwa mbili, na kiporo cha mgeni hakikuwa mojawapo. Ya kwanza, kwamba fundi amewauzia stenlesi feki. Ya pili haikutajwa kwa jina. Wajumbe waliitazama tu, nayo ilikuwa imekaa mlangoni na kitenge chake. Hoja ya kwanza ilikuwa na upungufu: Limbu alikuwa na shemeji ofisi za wilaya. Hoja ya pili haikuwa na shemeji popote.

"Mimi nimechunga tangu sijavaa nguo," alisema Ndaki. "Ng'ombe akizaliwa mweusi, atakufa mweusi. Sasa chuma, ambacho hata ngozi hakina, kinabadilishaje rangi kwa siku moja? Chuma kina ngozi?" Wajumbe wakakubali kwamba chuma hakina ngozi. "Basi kuna mkono."

"Namhala, hata sufuria lako la nyumbani likikaa motoni linabadilika," alisema Apolonia.

"Linakuwa jeusi. Masizi. Masizi nayajua. Ulishaona masizi ya zambarau?"

Hakuwahi kuona. Hilo nalo likahesabiwa.

Likapita azimio: bomba lisafishwe. Ikifika Ijumaa rangi hazijatoka, mwenyekiti atalitaja jina mbele ya mgeni, liandikwe kwenye muhtasari, Apolonia aondoke jikoni, na aitwe nfumu, mganga, amalizie pale serikali itakapoishia. Januarius aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Alikuwa na stashahada ya ualimu na somo lake lilikuwa sayansi, lakini pia alikuwa na miaka mitano kabla ya kustaafu.

Jumatano wakasugua. Wajumbe walianza kwa mchanga na majivu. Rangi ikapungua kwa shingo upande, ikaacha mikwaruzo. Ndaki akaleta brashi ya waya kutoka nyumbani, ile ya kukwangulia kutu kwenye plau, wakasugua nayo mpaka jua likazama, wakamwagia maji, wakapongezana. Alhamisi asubuhi bomba lilikuwa na madoa mekundu ya kahawia kila mahali brashi ilipopita, na mengine yamechuruzika.

"Sasa linatoka damu," alisema mjumbe mmoja, akavua kofia.

Apolonia hakungoja kikao kingine. Alipanda pikipiki, akakaa upande, akaenda Bariadi.

Alimkuta Limbu akichomelea geti, naye akainua kofia yake ya chuma kumsalimu. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Jiko lako linataka kuniua."

Akamweleza yote. Limbu alisikiliza hadi kwenye brashi ya waya, hapo akajifunika uso. "Ya plau? Mayu, mmelipaka plau. Vipande vya chuma cha plau vimenasa juu ya bomba, mkavimwagia maji. Kinachooza pale ni plau, siyo stenlesi."

"Na ile bluu?"

Limbu alichukua kipande chembamba cha stenlesi, urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole, akakigeuza juani. "Hiki unakiona kiko uchi, lakini hakiko uchi. Ni chuma kilichochanganywa na kitu kinaitwa kromiamu. Kromiamu ikikutana na hewa, papo hapo inajifunika utando. Mwembamba, huwezi kuuona hata ukivaa miwani mitatu. Huo utando ndio unaozuia kutu."

"Kwa hiyo chuma kina ngozi."

"Kina ngozi. Sasa ukikipa moto, ngozi inanenepa. Hewa inaingia, chuma kinatoka kuipokea, wanazaa utando mwingine. Ukinenepa kidogo unaona rangi ya majani makavu. Ukizidi, kahawia. Ukizidi, zambarau. Ukizidi tena, bluu. Na ukikichochea kama huna akili, unakuwa mweusi wa kijivu, mnene, unabanduka magamba."

"Hizo rangi nani amezitia?"

"Hakuna rangi. Umeshaona dizeli imemwagika kwenye dimbwi? Dizeli haina zambarau, maji hayana zambarau, lakini pale juu unaiona. Mwanga mmoja unagonga juu ya utando unarudi. Mwingine unapenya, unagonga chini, unarudi umechelewa. Wanakutana njiani wanagombana. Unene wa utando ndio unaoamua rangi gani itoke hai kwenye ugomvi."

Apolonia alikizungusha kile kipande. Moto, hewa, ngozi. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni kama maziwa."

"Maziwa?"

"Ukiyaweka motoni yanavaa ngozi juu. Moto kidogo, ngozi nyepesi. Ukiyasahau, ngozi nzito. Hakuna aliyeyaloga, yamesahauliwa tu. Na karibu na moto lazima iwe nzito kuliko mbali, ndiyo maana bluu iko chini na majani makavu yako juu."

Limbu akamtazama. "Nimekaa chuo miaka miwili, mayu. Hakuna aliyenieleza hivyo."

"Njoo kesho uwaeleze wewe. Wewe ni fundi."

Limbu akalitazama lile geti kwa muda mrefu, kana kwamba ndio analiona leo. "Nikija nikasema najua rangi itakavyogeuka kabla haijageuka, wataniuliza nimejulia wapi. Mimi nina watoto, mayu."

"Na mimi nina nini?"

Alitahayari, lakini hakukubali kuja. Alimpa kile kipande. "Ni chembamba, kinashika moto upesi: hesabu ishirini tu, utaona majani makavu. Ile bluu ya bomba msiiguse, pale ni pakavu, haina dhara. Na sufuria la ndani, kwenye maungio, nilishalisafisha kwa asidi kabla sijalileta, halina shaka."

Aliporudi Zagayu, bomba lilikuwa limepakwa rangi. Ya fedha, ile ya kupakia mageti, mikono mitatu, kutoka jikoni hadi juu. Januarius alikuwa amesimama mbele yake anajitafuta humo ndani.

"Linapendeza, au siyo?"

"Mwalimu, hiyo rangi ikipata moto itaungua."

"Kamati imepitisha," alisema Januarius.

Ijumaa mgeni rasmi alifika na magari mawili. Alihutubia nusu saa na ushei juu ya nishati safi, wakati huohuo injini ya gari lake ikiunguruma nyuma ili kiyoyozi kisipoe, yaani kisipate joto. Akalisifu bomba: hakuwahi kuona stenlesi ya rangi ile. Wajumbe wakainamisha vichwa kwa unyenyekevu. Kisha akapewa kiberiti.

Moto haukuwemo kwenye kamati na haukuona sababu ya kuheshimu maazimio yake. Ndani ya dakika kumi rangi ya fedha ikaanza kutoa malengelenge. Ikabadilika njano, ikatoa moshi mzito wenye harufu ya kwato zinazoungua, na upepo ukauinamisha wote kwenye meza kuu. Magamba yakadondoka mabegani mwa mgeni kama mba. Watu wakakohoa, wakapangusa machozi, na kwa muda wa kutosha kusali Baba Yetu mbili, Zagayu ilikuwa na watu thelathini wenye macho mekundu, watumishi wa umma wakiwemo. Na chini ya magamba, pole pole, ikachungulia bluu.

Ndaki akasimama. "Mheshimiwa, utuwie radhi. Hili jiko limechezewa. Kuna mtu hapa tumemvumilia miaka mingi, na leo tunamtaja. Mwalimu, andika."

Januarius akafungua kalamu. Uwanja mzima ukageuka kumtazama Apolonia, hata waliokuwa bado hawaoni vizuri.

"Usiandike bado, mwalimu," alisema Apolonia. Akatoka jikoni, akapita katikati ya watu, akamnyooshea Ndaki kile kipande cha stenlesi. "Shika, namhala."

"Mimi?"

"Wewe ni mwenyekiti. Nikishika mimi nitakichezea. Funga leso huku nyuma usiungue. Ncha hiyo iweke motoni. Mimi nakwenda kule."

Akaenda hadi mlingoti wa bendera, hatua hamsini, akakaa chini akiwapa mgongo, akajifunika kitenge kichwa kizima. Hapo hata mgeni rasmi alisogea karibu. Mtu hawezi kukataa kushika kipande cha chuma mbele ya wilaya nzima. Ndaki akakiingiza kwenye tundu la kuni.

"Hesabu ishirini, ukitoe," sauti ilisema kutoka ndani ya kitenge. "Utaona rangi ya nyasi za kiangazi."

Akakitoa. Ilikuwa rangi ya nyasi za kiangazi.

"Kirudishe. Safari hii usiwe na haraka. Nyasi itaondoka pale ilipo, itasogea kuja mkononi kwako. Nyuma yake atakuja wa kahawia. Nyuma yake wa bilinganya. Wa mwisho, karibu na moto, ni wa bluu. Watatembea kwa foleni, na hakuna atakayempita mwenzake. Mchungaji kama wewe utawatambua."

Ndaki akakitoa, akakitazama. Walikuwa wanakuja. Nyasi mbele, kahawia nyuma yake, zambarau, bluu, kwa mpangilio ule ule uliotoka kwenye kitenge, wakimfuata kwenye leso. Alijaribu kukipeleka mbali na mwili wake, lakini mkono wa mtu una urefu wake. Akamgeukia mjumbe wa kulia ampokee. Mjumbe wa kulia alikuwa anafunga kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa kandambili.

Ni Shida aliyesema, kutoka upande wa akina mama, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Namhala, mbona na wewe kinakugeukia?"

Unaweza kuwaona watu wakifikiri, na Ndaki aliwaona. Kama ule ni mkono, basi sasa mikono ni miwili. Mmoja ni wa mpishi mwenye nusu eka. Mwingine ni wa mtu mwenye ng'ombe mia na arobaini, ambao majirani wamekuwa wakijiuliza siku nyingi wanazaaje vile hata mwaka wa ukame. Macho yakamhama Apolonia yakahamia kwa mwenyekiti, taratibu, kama kundi linalobadilisha malisho.

"Hii," alisema Ndaki, "ni sayansi."

Hivyo ndivyo sayansi ilivyoingia katika shule ile, saa saba na robo mchana, ikipitia kwenye leso ya mwenyekiti. Mwalimu wake halali alikuwa amekaa nayo miaka ishirini na tano bila kuitoa nje.

"Sayansi kabisa," alisema mgeni rasmi, akipangusa mabega.

"Nami nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo," alisema Januarius.

Apolonia alivua kitenge kichwani, akarudi hatua hamsini bila kukimbia. Alisimama mbele ya Ndaki, ambaye bado alikuwa ameshika kile kipande kwa kukosa wa kumwachia.

"Hiyo sayansi wameisikia wachache, namhala. Juzi hukusema kwa lugha ya sayansi. Sema kwa Kisukuma, na useme jina langu."

Ndaki akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema, kwa Kisukuma, kwamba chuma kina ngozi; kwamba ngozi hiyo ikipata moto inanenepa na kugeuka rangi mikononi mwa yeyote; kwamba Apolonia hajaloga jiko wala kitu chochote.

"Hatujasikia," walisema akina mama wa nyuma.

Akarudia, kwa sauti zaidi.

"Upepo, namhala. Hatujasikia," walisema tena, na Shida, aliyekuwa mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwenye mdomo wa Ndaki, aliweka kiganja sikioni.

Mara ya tatu mwenyekiti alipaza sauti mpaka watu waliokuwa wanapalilia ng'ambo ya bonde wakanyoosha migongo. Januarius akaandika. Apolonia alisimama nyuma ya bega lake akifuata kalamu neno kwa neno, jina lake na yote yaliyofuata, hadi nukta. Alipohakikisha nukta imekaa, akaenda kufunua sufuria.

"Pangeni mstari," alisema. "Wakubwa nyuma ya watoto."